Majina ya Wakwe wa Ailandi

Ipo siku moja isiyonitoka moyoni, mwanangu, na nataka nikusimulie kabla hamjaitisha hicho kikao chenu cha ukoo. Nimesikia mmekubaliana kukutana hapa Bondeni mpunga ukishaingia ghalani, kila tawi lije na majina ya waliolitangulia, na wewe umetumwa kuniuliza habari za yule babu yenu mzungu. Vizuri sana. Kuuliza si ujinga. Ila kuna kuuliza na kuuliza, na mimi niliwahi kuona kikao kama hicho kikimwachia mtu kidonda alichokwenda nacho kaburini. Keti basi, vua viatu. Hadithi ni ndefu kidogo na mimi sina haraka. Wenye haraka nimewazika wengi.

Babu yenu Ambilikile alikuwa kaka yangu, tumbo moja, baba mbalimbali. Mama yetu Sekela alikuwa Mkisi wa huko ufukweni, jirani na Lyulilo, mfinyanzi tangu utoto. Alipokuwa msichana, kabla Wajerumani hawajajenga boma lao na kuanza kutuhesabu kama mbuzi, kulikuwa na meli ya moshi ya wazungu wa upande wa pili wa ziwa. Ilikuwa ikitia nanga kwao kutafuta kuni. Ndani ya meli hiyo alikuwamo fundi wa mitambo, jina lake Patiliki, mtu wa ndevu nyekundu na maneno mengi. Safari moja mtambo uliharibika, akashushwa ufukweni pamoja na vyuma vyake, na katika kungoja vyuma vingine akamwona mama. Watu walipomwita Mwingereza alikasirika mpaka shingo ikamwiva. "Mimi si Mwingereza, mimi ni wa Ailandi," alikuwa akisema, na wazee wa ufukweni walicheka, maana kwao mzungu alikuwa mzungu tu kama vile kuku ni kuku.

Akajenga nyumba ya matete, akakaa na mama, kaka yangu akazaliwa. Kisha homa ikamshika. Meli ikamchukua kwenda kusini kwa wenzake wenye dawa, na iliporudi ilileta habari kwamba amezikwa huko huko. Mama akamlilia. Baadaye baba yangu, mkulima wa Ngana, alikwenda ufukweni kununua vyungu, akarudi na vyungu na mawazo, na mavuno yaliyofuata akapeleka ng'ombe. Ndivyo mama alivyokuja huku bondeni na mtoto mgongoni. Baba alimlea Ambilikile bila kumbagua, Kyala, Mungu wetu, amlaze pema. Lakini alifariki kabla kijana hajaoa, na mifugo yake ikaenda kwa ndugu zake kama desturi ilivyokuwa.

Kaka yangu alikuwa na rangi ya chungu ambacho hakijachomwa. Alikuwa na mikono ya kazi, shamba lake la mpunga halikuwa na gugu hata moja, na alikuwa mcheshi. Hasira zake tu ndizo zilizokuwa karibu. Akampenda binti wa jirani aitwaye Tumpe, ambaye ndiye bibi yenu mzaa baba, na Tumpe naye akampenda waziwazi mpaka mama yake akawa anamfinya njiani ili atazame mbele. Hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Wakati ule, mwanangu, ndoa haikuanza kwa kijana na binti. Ilianza kwa waliokufa. Wazee wa pande mbili walikaa, kila upande ukamtaja baba, na baba wa baba, na baba wa huyo, mpaka ionekane kwamba damu hazijakutana karibu. Tena siku ya kubariki, mzee alichukua maji mdomoni akayapuliza huku akiwaita wahenga kwa majina wawapokee watoto. Asiye na majina ya kuitwa ataombewa kwa nani? Mwalimu wa misheni alituambia tuyaache mambo hayo. Tulimwitikia ndiyo siku ya Jumapili, na Jumatatu tukaendelea nayo.

Basi kikao kikaitishwa nyumbani kwa mama, hapo Ngana, mvua za masika zilipokatika. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nikaja na mtoto wangu mgongoni kumsaidia mama kupika. Wanaume walikaa uani penye migomba, wakizunguka chungu cha pombe ya ulezi, kimpumu, wakipokezana mrija. Wanawake tulikaa nyuma ya nyumba penye jiko, karibu kiasi cha kusikia kila neno, mbali kiasi cha kujifanya hatusikii. Upande wa binti alikuja baba yake Tumpe pamoja na kaka mkubwa wa baba huyo, Mzee Ndimbumi. Huyu mzee alikuwa mtu wa maneno machache, na hata malafyale, yaani chifu wetu, alimwita kila kesi ya ndoa ilipomshinda. Upande wetu alikuwapo baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, na mjomba Angolile, kaka yake mama, aliyekuja kwa mtumbwi na miguu kutoka Lyulilo.

Waliamkiana sana, "Ugonile, ugonile," kama watu wasiojua kilichowaleta. Kisha upande wa Tumpe ukataja wahenga wao, mmoja baada ya mwingine, mpaka yule aliyeshuka kutoka milimani na fimbo na jogoo. Ikaja zamu yetu.

Baba mdogo akajikohoza akasema, "Kijana huyu tulimlisha, hatukumzaa. Baba zetu si baba zake." Ndivyo alivyosema, mwanangu, mtu aliyekuwa akila mpunga wa Ambilikile kila msimu. Alijua kwamba akimkubali kuwa wao, ng'ombe wa mahari watatoka zizini kwake. Ukiona mtu anakukana mbele za watu, tazama kwanza nyuma yake kuna zizi la nani.

Baba yake Tumpe akamgeukia kaka yangu. "Baba yako ni nani basi?"

"Patiliki wa Ailandi," kaka akajibu kwa sauti ya juu.

"Na baba yake huyo?"

Kaka akatazama upande wa jiko alikokuwa mama. Wakamgeukia mjomba Angolile, wakamwuliza ng'ombe wa huyo Patiliki walilala katika zizi lipi. Mjomba akatazama vidole vya miguu yake. Akasema mzungu hakuwa na ng'ombe, ila alimpa baba yao nguo majora kadhaa, na bunduki iliyokuwa ikilia siku inayotaka. Watu wakaguna. Kwetu ng'ombe ndiye shahidi wa ndoa, maana ng'ombe huzaa na watoto wa ng'ombe humkumbuka aliyemleta. Nguo haizai. Inavaliwa, inachanika, inakuwa ya kushikia chungu cha moto.

Hapo Ambilikile akasimama. Akasema baba yake alikuwa na baba zake kama mtu mwingine yeyote, na kwamba yapo majina, na mama anayajua. Ilikuwa kweli. Mama mwenyewe alitusimulia tangu tukiwa wadogo kwamba huko Ailandi nako wazee hukaa kando ya moto wakahesabu baba zao, na kwamba Patiliki jioni alipokuwa akisokota kamba zake aliwataja baba zake wote kwa mkupuo mmoja, kama wimbo. Sisi tukisema, "Tuimbie basi," mama alikuwa akicheka na kututuma maji.

Wakamwita mama. Alitoka jikoni akijifuta unga mikononi, akapiga magoti pembeni, akaangalia chini. Baba yake Tumpe akamwambia kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, "Mama, tunaambiwa unawajua. Mtaje baba wa mumeo wa kwanza, tumpe kijana mke wake, twende nyumbani."

Mama akamjibu kwa heshima ya mtu na baba yake, "Siwezi, tata."

Wakadhani amesahau, wakamwambia ajikumbushe taratibu. Akasema hakusahau. Wakamwambia basi ataje. Akasema tena kwamba hawezi. Kaka yangu akamwendea, akachuchumaa mbele yake, akamsihi kwa sauti ya chini ambayo sisi jikoni tuliisikia vizuri. "Mama, jina tu. Jina moja tu, mama. Tumpe anaondoka." Mama akashika ncha ya kitambaa chake, akakivuta juu ya kichwa, akajifunika uso wote.

Mwanangu, ulimi hauna mfupa. Kaka yangu akainuka akapiga kelele mbele ya wazee wote: "Basi andikeni kwamba mimi ni mtoto wa kichakani! Na aliyenizaa kichakani ni huyu hapa!"

Nilimwona Tumpe, aliyekuwa amejificha kwenye migomba kinyume cha mila zote, akiweka mikono kichwani. Baba yake akaokota fimbo yake akasimama. "Twendeni. Hapa hatuna wa kuzungumza naye."

"Kaeni," Mzee Ndimbumi akasema. Alikuwa hajasema neno tangu salamu. "Kesi haijaisha. Ninyi ndio mmeishiwa masikio."

Wakakaa. Mzee akauliza ni nani pale mwenye mke. Wanaume wakatazamana, karibu wote walikuwa na wake. Akamwelekezea mrija baba mdogo. "Wewe. Mkeo amewahi kulitaja jina la marehemu baba yako alipokuwa hai?"

"Hata siku moja."

"Hata siku ile uliyokunywa fedha za jembe, naye akakutukana?"

Watu wakacheka kidogo, na baba mdogo akasema hata siku hiyo. Hapo ndipo na mimi nilipoelewa.

Ninyi watoto wa siku hizi mnakula sahani moja na baba mkwe na kumwomba chumvi. Kwetu mwanamke alimwogopa mkwe wake, na kuogopa huko tulikuita kutila. Hukumtazama. Ukimsikia anakohoa njiani, uliacha njia ukachuchumaa majanini mpaka apite. Jina lake hukulitaja, wala neno linalofanana nalo. Mkwe wangu mimi jina lake lilikaribia neno la kuni, nami mpaka leo kuni ninaziita "vya kukokea". Asubuhi ile ile nikija kwa mama nilikuwa nimejificha kwenye mpunga, umande ukanilowesha mimi na mtoto, ili mzee huyo apite. Na bado, mama yangu alipojifunika uso mbele yangu, sikujua anafanya nini. Nilidhani ni aibu.

Mzee Ndimbumi akaendelea. "Mnasema hapakuwa na ng'ombe, kwa hiyo hapakuwa na ndoa. Mwanamke huyu ana mkwe ambaye hajamwona wala hatamwona, yuko nyuma ya maji ambayo hakuna mmoja wetu anayeyajua. Angemtaja, nani angemshtaki? Na bado anamwogopa. Mwanamke hajifuniki uso kwa mkwe asiye wake. Mimi sihitaji shahidi mwingine. Kijana huyu ana baba, na baba zake wanaheshimiwa hapa kuliko wa kwetu tunaowaona kila siku." Kisha akamgeukia mjomba Angolile: "Na wewe, nguo mlizivaa ninyi. Ng'ombe wa kumwoza mpwa wako atatoka kwako." Mjomba hakubisha.

Mwisho akamtazama kaka yangu, na ule utani wote ukamtoka usoni. "Umemtaka mama yako avue heshima yake mbele ya wanaume, ili wewe upate mke wa kukuheshimu. Leo, kabla jua halijazama, nenda ukapige magoti mbele yake. Usiende na kitu mkononi."

Akachukua maji, akayapuliza juu ya Ambilikile, akasema, "Ninyi mlio ng'ambo, majina yenu yamo kifuani mwa mkaza mwana wenu, nasi hatutayatoa kwa nguvu. Mkubalini mtoto wenu." Mama alikuwa amesharudi jikoni. Alikuwa anamenya ndizi, na alipoisikia dua hiyo kisu kilisimama, kisha kikaendelea.

Siku ile kaka yangu hakupiga magoti. Alizunguka nyumba, akafika mlangoni, akarudi. Kesho yake pia. Aibu ni mzigo wa ajabu, mwanangu, kadiri unavyochelewa kuutua ndivyo unavyoongezeka.

Nilibaki kwa mama siku chache, na jioni moja tukichambua maharage nikamwuliza kwa nini hakuninong'oneza mimi nikawaambia wazee. Akasema kunong'ona nako ni kutaja. Akanisimulia jinsi alivyoyajua. Patiliki alimfundisha kuyaimba majina yale bila kumwambia ni ya nani, naye akayaimba akifinyanga, mpaka siku alipouliza maana yake. Alipoambiwa kwamba hao ni baba mkwe na wazee wake, alitupa udongo akafunga mdomo kwa mikono yote miwili. Patiliki alicheka sana, halafu akaacha kucheka, machozi yakamtoka, akamwambia kwamba huko kwao hakuna ajuaye kama ana mke, lakini sasa yeye mwenyewe anajua kwamba anaye.

"Ningesikia huyo mzee amekufa, ningemlilia," mama akasema. "Kwetu, ukishamlilia mkwe msibani ulimi wako unafunguliwa, unaweza kumtaja kama mhenga mwingine. Lakini nani ataniletea habari ya msiba wake kutoka huko?"

Nilimpelekea kaka maneno hayo, nikidhani namtibu. Macho yake yakang'aa. Akasema atavuka mto Songwe aende Karonga, kwa wazungu wa meli, awaombe wapeleke ujumbe Ailandi kuuliza kama yule mzee bado yu hai. "Nikimletea mama habari hiyo ndipo nitapiga magoti," akaniambia. "Kwa maneno niliyosema, siwezi kumwendea mikono mitupu." Nikamkumbusha kwamba mzee alimkataza kwenda na kitu. Akanijibu kwamba mzee hajui uzito wa kosa lake, yeye ndiye anayeujua.

Wakaoana, yeye na Tumpe. Safari ya Karonga ikangoja palizi, ikangoja mavuno, ikangoja paa la nyumba mpya. Huku nyuma kaka yangu alimletea mama kuni, alimletea mchele mpya, alimletea samaki, alimzibia paa linalovuja bila kuombwa. Kila kitu alileta isipokuwa magoti. Mama alipokea akishukuru, "Ndaga, mwanangu," na kila alipopokea nilimwona akitazama kama kuna kingine kinafuata. Hakikufuata. Liwezekanalo leo lisingoje kesho, lakini nani wa kumwambia kijana?

Kisha vita vya wazungu vikaja. Songwe, mto tuliokuwa tukivuka kwenda kusalimia ndugu, ukawa mpaka wa kufa na kupona, Wajerumani huku na Waingereza kule. Askari wakaingia Ngana wakakusanya wanaume wa kubeba mizigo. Waliwatoa mashambani, waliwatoa hata kanisani. Ambilikile walimkuta akirekebisha mfereji wa mpunga. Tumpe alikuwa mjamzito, tumbo linaonekana.

Msafara ulipita karibu na nyumba ya mama. Mimi nilikuwapo. Alitoka mbio na kibuyu cha maji, akasimama kando ya njia. Kaka alikuwa na sanduku zito kichwani, shingo imekakamaa, hawezi hata kugeuka vizuri. Alipomwona mama alisimama. Nilimwona, mwanangu, naapa nilimwona, alianza kukunja magoti pale pale njiani na sanduku kichwani. Askari akampiga kwa kitako cha bunduki mgongoni, akamwambia hapa si mahali pa kupumzika. Akajinyoosha akaenda. Alichosema ni "Mama!" tu, na vumbi likamfunika.

Alivuka Songwe, kwenda upande ule ule aliotaka kwenda. Wenzake waliorudi walituambia alikufa huko kwa risasi, akiwa na mzigo wa watu wengine kichwani, wakamfukia kando ya njia kwa haraka bila alama.

Tukaomboleza bila maiti. Ngoma za msiba zililia na wanawake tulilia mpaka sauti zikakauka. Ikafika wakati ambapo mzee humkabidhi marehemu kwa baba zake, akiwaita mmoja mmoja wampokee. Mzee Ndimbumi akasimama, amezeeka sana kwa muda mfupi, akachukua maji. Akasema, "Ambilikile wa Patiliki." Hakuwa na jina jingine la kuita. Ngoma zikakoma, na watu wote wakawa wanatazama chini.

Mama akasimama katikati ya wanawake. Akavua kitambaa kichwani, akabaki na mvi zake wazi mbele ya wanaume wote. Akasema, akielekea ziwani, "Mkwe wangu, sikuletewa habari yako. Lakini mzee aliyefiwa na mwana, akafiwa na mjukuu, nani atasema kwamba yu hai? Leo nakulilia na wewe." Akalia, kilio cha mkaza mwana, peke yake, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alipomaliza akajifuta uso, akaita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake tena: "Ambilikile wa Patiliki, wa Mihili, wa Taigi, wa Konahuli! Mpokeeni mtoto wenu! Alinikosea, na mimi nilishamsamehe siku ile ile, nilikuwa nangoja tu aje."

Majina yale kaka yangu aliyaomba kwa machozi, na yalipotajwa hakuwapo kuyasikia. Huo ndio uchungu wangu mpaka leo, mwanangu. Mama aliishi miaka mingi baadaye na hakumlaumu mtu. Lakini kila kuni zilipoletwa mlangoni aliangalia njia kwanza, ndipo akaangalia kuni.

Sasa nenda na majina hayo kwenye kikao chenu. Mimi si mkaza mwana wao, kwa hiyo ulimi wangu uko huru. Sijui kama wenyewe huko Ailandi wanayatamka hivyo; mama aliyasema kwa ulimi wa Kikisi, na mimi nayasema kwa ulimi wa Kinyakyusa. Ukipata njia ya kuwaulizia wenye nayo, waulizie, na ukiwapata waambie kwamba walikuwa na mkaza mwana huku aliyewaheshimu kuliko walivyowahi kuheshimiwa. Hilo nalo ni la kuandikwa katika ukoo wao.

Ila shika haya. Ukimwuliza mzee akanyamaza, usimvunjie kimya chake mbele za watu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na pengine kile anachokificha ndicho kinachokupa wewe ukoo. Na ukimkosea mtu, usingoje mpaka uwe na cha kumpelekea. Msamaha hauletewi mchele wala kuni. Mwendee siku hiyo hiyo, mikono mitupu, mavumbi miguuni, ukiwa hata hujui utasema nini. Na wewe uliyekosewa, kama umeshasamehe, usikae jikoni ukingoja mtu aje. Toka ukamwambie. Mama yangu alikuwa mwenye haki, kaka yangu alikuwa mwenye majuto, na kati yao palikuwa na ua mmoja tu wa migomba ambao hakuna aliyeuvuka.

Nisogezee hicho kikombe cha maji. Inamisha kichwa, usicheke, hata mchungaji wetu anajua ninafanya hivi. Konahuli, Taigi, Mihili, Patiliki, Ambilikile, na wewe Sekela mama yangu ambaye wanaume walisahau kukuhesabu: huyu ni wenu. Kyala akupe nyumba yenye sauti, mwanangu, akupe watoto watakaokuuliza kwa adabu, akupe maisha marefu. Na siku utakapomkosea umpendaye, akupe magoti mepesi.